Shangazi, nikionwa kwenye kikundi cha walevi itakuwaje?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 39, ni mhasibu, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Nakunywa kila siku kwa siri, kichupa hakitoki kwenye mkoba. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue. Rafiki ameniambia kuhusu mikutano ya AA ya watu wanaotaka kuacha pombe. Lakini Dar watu tunajuana. Nikikutana na mtu wa jumuiya yetu je? Nitasema nini mbele za watu? Na nikishindwa kujizuia siku hiyo, niende nikiwa nimekunywa? Mama wawili, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mkutano, tuzungumze kuhusu hiyo mikono.

Kutetemeka mpaka uzimue maana yake mwili umeizoea pombe kiasi cha kuidai. Mtu wa hali hiyo akikata ghafla, peke yake nyumbani, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine siku ya pili au ya tatu huchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo, na wapo wanaofariki. Kwa hiyo nakuomba sana usiamke kesho ukamwaga kila kitu kwa hasira. Nenda kwanza hospitali. Amana si mbali na kwako, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili ambayo hushughulika na uraibu. Mtajie daktari kiasi halisi unachokunywa, usipunguze hata kidogo kwa aibu. Zipo dawa za kumvusha mtu siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi hupungukiwa. Ukiwa hapohapo, muulize daktari au muuguzi kikundi kinakutana wapi, maana wao huwaona watu waliopitia huko.

Njia nyingine ya kukipata ni tovuti ya AA yenyewe, aa.org. Ipo pia mikutano ya mtandaoni. Jirani zetu Kenya wana vikundi vingi, na saa zao ni zetu. Kuanza kwa simu ukiwa chumbani si vibaya, ila usiishie hapo. Mtu anayejificha na chupa anahitaji kukaa chumba kimoja na watu wanaomwona uso. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani, uhakikishe siku, mahali na lugha wanayotumia, kwa sababu ratiba hubadilika. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu na wageni huruhusiwa, au ni wa wenye tatizo peke yao. Kwa hofu uliyonayo, chagua huo wa pili.

Tuje kwenye hiyo hofu. Huyo wa jumuiya utakayemkuta mle ndani amefuata nini? Amefuata kilekile. Ya kwako atakuwa anayajua, na wewe utakuwa unayajua ya kwake. Hutumia jina la kwanza tu, na kanuni yao ni kwamba ya pale hubaki pale. Siwezi kukuapia kwamba hakuna mdomo utakaoponyoka, binadamu ni binadamu. Lakini mwanangu, unadhani mumeo hasikii harufu? Wenzako ofisini hawaioni mikono? Huenda siri unayoilinda kwa nguvu zote wenzako walishaijua zamani, wanakosa tu pa kuanzia.

Kuhusu kusema: si lazima useme lolote. Zamu ikikufikia, sema, "Naitwa fulani, leo nasikiliza tu," na watapita kwa mwingine. Hakuna kiingilio. Kikapu cha mchango kikizunguka, mgeni halazimiki kuweka kitu. Utasikia Mungu akitajwa, lakini si kanisa wala msikiti, hata kama chumba ni cha kanisa. Kila mtu huenda na Mungu kama anavyomwelewa mwenyewe.

Wala hutahubiriwa. AA ilianza Marekani mwaka 1935. Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa ugenini mjini Akron, dili lake limeharibika, na kiu ikamrudia. Akapiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akampata daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wilson aliongea ili yeye mwenyewe asinywe. Ndiyo sababu pale kila mtu husimulia yake na hakuna anayekukatiza kukupa mawaidha.

Mkutano ukiisha, usikimbilie mlangoni. Hapo ndipo wanawake wenzako watakapokupa namba zao. Zichukue, na mpigie mmoja jioni ile mkono unapoutafuta mkoba. Na kama mkutano wa kwanza haukukugusa, nenda tena, au jaribu kikundi kingine, kabla hujasema haukufai.

Umeuliza kama uende ukiwa umekunywa. Nenda. Sharti lao la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa, na nia hiyo naiona kwenye barua yako. Siku hiyo kaa usikilize, mengine utayasema siku nyingine. Gari liache nyumbani, panda daladala au bajaji, na umwambie atakayekupokea kwamba ni mara yako ya kwanza.