Ukienda msitu wa Kiwengwa, anza na viatu

Kila nikisikia mtu anakwenda kutembea msitu wa Kiwengwa-Pongwe, huku kwetu Unguja, humuuliza kwanza: miguuni utavaa nini?

Mara yangu ya kwanza nilivaa raba za soli nyembamba, zile zile za kuendea sokoni Darajani. Unguja haina mlima, nikadhani haina njia ya kumtoa mtu jasho. Saa moja haijatimia, soli ya kulia imeachia mbele. Msitu ule umeota juu ya jiwe la matumbawe, sakafu ya bahari ya zamani. Mvua imelitafuna miaka na miaka likawa meno meno, kisha majani makavu yakafunika matundu. Unakanyaga ukidhani udongo, mguu unazama mpaka kifundoni.

Nilipoteleza nikashika jiwe. Kiganja kilichanika kama kimepitishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mzee aliyetuongoza akaninawisha kwa maji yake ya kunywa, akaniambia: "Mwanangu, jiwe la huku halishikwi. Shika mti. Na mti wenyewe uangalie kwanza." Alikuwa akinionya juu ya upupu, ambao hutambaa mitini, na ukishakugusa utajikuna mpaka jioni.

Basi vaa buti la soli ngumu linalofunika kifundo, na suruali ndefu. Masika usiende kabisa, jiwe linakuwa na utelezi.

Maji chukua lita mbili kila mtu, hata kama ni matembezi ya asubuhi tu, na tende kidogo. Huko maweni hukuti mto. Mvua ikinyesha, maji hupenya jiweni yakaenda chini, na ndiyo yaliyochimba mapango.

Mapangoni ndipo penye raha, na ndipo watu wanapoumia. Unatoka juani unaingia gizani ghafla. Simama mlangoni mpaka macho yazoee. Penye mteremko mkali shuka kinyumenyume, uso umeelekea jiwe, usiondoe mguu kabla mikono miwili na mguu wa pili havijatulia. Tochi iwe ya kichwani, maana simu inakula mkono mzima. Zile nguzo za chokaa zinazoning'inia zimejengwa tone kwa tone, usiziguse. Ukikuta chetezo au vitambaa, pita kwa heshima, kuna watu huenda mapangoni kwa nadhiri zao.

Na tembeeni kimya. Humo mna kima punju, na mna paa nunga, mnyama ambaye duniani kote amebaki hapa kwetu na pwani ya Kenya tu. Mimi nimemwona mara moja, mgongo mwekundu ukikatiza njia, hata sikuwahi kumwonyesha mwenzangu.

Maji yakifika nusu ya chupa, geukeni, hata mkiambiwa pango la pili liko hapo mbele.