Jibu: Usibakize aina moja ya maharagi
Dada wa Walungu, unasema maharagi yako ya mchanganyiko yanapungua kila msimu na unataka kubakiza yale mekundu ya punje kubwa tu. Tafadhali usifanye hivyo. Punje kubwa mara nyingi huja na maganda machache, na aina moja ikipatwa na ugonjwa, shamba zima linakwenda.

Badala yake, chagua mbegu shambani: maganda yakianza kujaa, funga uzi wa alama kwenye mashina 40 yaliyozaa sana. Acha ya pembeni: yanadanganya, maana yamepata nafasi na chakula zaidi. Ruka yenye majani ya mabaka yaliyojikunja. Huo ni ugonjwa wa mozaiki, na virusi vyake hupitia ndani ya mbegu. Vuna kila shina peke yake. Maharagi hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto watafanana na mama. Msimu ujao kila shina lipate mstari wake, punje 20, na mchanganyiko wa zamani kila baada ya mistari 10 kwa kulinganisha. Pima punje kavu. Mistari 8 au 10 bora, ya rangi tofauti, ndiyo uichanganye tena.

Mizizi ikioza, kuchagua mbegu peke yake hakutatosha: ng'oa mashina machache pamoja na udongo wake, uyapeleke INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo huko Kivu Kusini.