Ruzuku ya sanaa na masomo ya zimamoto: andiko moja au mawili?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mratibu wa kikundi cha sanaa chenye watu 14. Tunachora michoro ya ukutani na kufanya maigizo ya mitaani. Wenzetu wawili ni wazimamoto wa kujitolea na wanataka kuisomea kazi hiyo rasmi. Tuliandika andiko moja la mradi: michoro na maigizo ya tahadhari ya moto, pamoja na ada za vijana hao wawili. Wafadhili watatu wametukataa bila kutueleza sababu. Je, tatizo ni andiko, au ni kwa kuwa hatujasajiliwa? Mtu binafsi anaweza kupata ufadhili wa kusomea uzimamoto? Na kuna watu wametuahidi makoti ya zimamoto yaliyokwisha kutumika. Tuyapokee?

JIBU: Marahaba, mratibu. Andiko hilo ligaweni. Mmefunga maombi mawili katika furushi moja, na kila mfadhili aliyelifungua alikuta nusu ya vilivyomo havimhusu.

Ruzuku na ufadhili wa masomo vinafanana machoni mwa muombaji kwa sababu vyote ni fedha zisizorudishwa. Kwa anayetoa, ni vitu viwili tofauti kabisa. Ruzuku hupewa kikundi ili kazi fulani ifanyike na watu walio nje ya kikundi wanufaike. Ufadhili wa masomo hupewa mtu ili yeye mwenyewe abadilike: aingie hajui, atoke ana cheti. Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza za kuchambua maombi, na najua kinachotokea pale. Mchambuzi ana fomu ya alama mkononi. Akifika kwenye mstari wa bajeti unaosema “ada ya mafunzo ya zimamoto, watu wawili”, fomu yake ya sanaa haina mahali pa kuupa alama. Anarudi juu, anaanza kutilia shaka hata mistari iliyokuwa mizuri, kisha anaandika “nje ya malengo ya mfuko” na kuchukua andiko linalofuata. Maneno hayo machache ndiyo sababu mnayoitafuta, na kwa bahati mbaya mifuko mingi haimpelekei muombaji.

Hiyo haina maana kwamba moto na sanaa havikai pamoja. Vinakaa vizuri sana, ila ndani ya andiko la sanaa, na kwa kipimo chake. Mkiandika kwamba askari zimamoto wawili watapitia michoro na maigizo ili ujumbe uwe sahihi, na walipwe posho ya ushauri, hakuna mchambuzi atakayekunja uso. Mkiongeza mafunzo ya siku mbili ya kikundi kizima, ya kutumia kizimamoto cha mkononi na kutoka ndani ya moshi, hayo pia yatapita, kwa sababu waigizaji hawawezi kufundisha wasichokijua. Kinachokataliwa ni safari ndefu ya kielimu ya mtu mmoja mmoja.

Usahihi wa ujumbe ni hoja yenu kubwa kuliko mnavyodhani. Watu wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla miali haijawafikia. Igizo linaloonyesha shujaa akisimama wima na kukimbia katikati ya moshi linapendeza jukwaani, lakini linafundisha kifo. Mwonyesheni akitambaa, kichwa kikiwa chini ambako hewa bado inavutika. Andikeni jambo hilo kwenye andiko kama mfano wa kwa nini mnahitaji wazimamoto kama washirika. Aya moja ya namna hiyo huonyesha kwamba mnaijua kazi yenu, na haina gharama.

Sasa, kabla ya kutuma popote, someni kwanza sehemu ya “hatugharamii”. Wengi huanza na kiwango cha juu cha fedha, na hapo ndipo wanapopotea. Mfano mzuri ni Mfuko wa Kimataifa wa Utofauti wa Utamaduni wa UNESCO, uliotokana na Mkataba wa 2005 wa kulinda utofauti wa utamaduni. Unaweza kutoa hadi dola 100,000 za Marekani kwa miradi katika nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba huo, na idadi hiyo huvutia macho ya kila kikundi. Lakini miongozo yake inakataza fedha kutumika kufidia nakisi au kulipa madeni, na inakataza mradi ambao ni utengenezaji wa kazi za sanaa peke yake au tukio peke yake. Kwa hiyo “tutachora kuta sita na kufanya maonyesho kumi” haifai pale, hata kama kuta zenyewe zitakuwa za ajabu. Mfuko ule unataka kuona sekta ya utamaduni ikiimarika: sera, ujuzi, masoko, vyombo vya kusimamia wasanii. Kwa kikundi cha watu 14 kisichosajiliwa, nisingepoteza mwezi mzima kuuandikia.

Linganisha na mpango wa Our Town wa Marekani, ulioanzishwa 2011 na taasisi ya taifa ya sanaa ya nchi hiyo. Ule umekuwa ukitaka ubia wa pande mbili, asasi isiyo ya faida na mamlaka ya serikali ya mahali husika, na muombaji achangie sawa na anachoomba. Siutaji ili mkaombe huko. Ni wa Wamarekani. Nautaja kwa kuwa umbo lake linajirudia katika mifuko mingi ya sanaa za jamii duniani: kikundi, ofisi ya umma na mchango wa muombaji. Mkiwa na barua ya kikosi cha zimamoto inayosema watawapa maofisa wa kushauriana nao, tayari mna guu moja ndani. Na wasanii chipukizi mmoja mmoja wana milango yao. Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi, kwa mfano, ulianza 2021 kutoa tuzo za euro 5,000 ambazo msanii huzitumia kwa kazi yake anavyoona mwenyewe. Fedha za namna hiyo ni nadra, maana nyingi huja na masharti ya kila senti.

Bajeti yenu ya michoro, mliyoniambatishia, ina rangi na brashi na usafiri. Ukuta wenyewe haumo. Kukwangua rangi ya zamani, kuziba nyufa, kupaka rangi ya msingi, kukodi jukwaa la kupandia, kupaka tabaka la mwisho la kuzuia jua na mvua: kazi hizo mara nyingi hula zaidi ya rangi za picha. Mchambuzi anayejua uchoraji wa kuta akiona hazipo anajua mchoro utabanduka kabla ripoti haijaandikwa. Pia hakuna barua ya mwenye ukuta. Nasema kwa msisitizo, maana nimeona maandiko mazuri yakianguka hapa tu: ruhusa ya mdomo si ruhusa. Barua itaje ukuta upi, kwa muda gani, nani atautunza, na nini kitatokea mwenye jengo akiliuza.

Jilipeni. Mmeandika kazi ya wasanii wote 14 kama “kujitolea”, nadhani mkifikiri mfadhili atafurahi. Kinachomjia kichwani ni wasiwasi kwamba mtaiacha kazi njiani pale mmoja atakapopata kibarua. Wekeni malipo halisi, kisha sehemu mnayojitolea kweli muithaminishe kwa fedha na kuiweka kwenye safu ya mchango wa kikundi: saa ngapi, watu wangapi, kwa kiwango kilekile ambacho mngemlipa mtu wa nje. Mifuko mingi hukubali mchango usio wa fedha taslimu, mradi uwe na karatasi ya mahudhurio yenye sahihi.

Kwenye viashiria, msiseme “jamii itaelimika”. Waulizeni watazamaji 50 maswali matatu kabla ya igizo na yaleyale baada yake. Moja liwe: moshi ukijaa chumbani, unatokaje? Tofauti ya majibu ndiyo kiashiria chenu. Na kama mnatafuta tarehe ya kuzindua, ziko mbili zinazojiuza zenyewe. Tarehe 4 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, wazo lililozaliwa baada ya wazimamoto watano kufa katika moto wa porini huko Linton, Australia, Desemba 1998. Nyingine ni wiki yenye tarehe 9 Oktoba, ambayo Marekani imekuwa ikiiadhimisha kama wiki ya kuzuia moto tangu 1922, kwa kumbukumbu ya moto mkubwa wa Chicago wa 1871. Hesabuni kurudi nyuma. Fedha huchelewa miezi kadhaa baada ya barua ya kukubaliwa, kwa hiyo andiko la uzinduzi wa Oktoba haliandikwi Agosti.

Kuhusu usajili: ndiyo, ni kikwazo, ila hakiwafungii kila mlango. Kikundi kisichosajiliwa kinaweza kupitia taasisi mwenyeji, yaani asasi iliyosajiliwa inayopokea fedha kwa niaba yenu na kuwajibika kwa mfadhili. Wengi hukata asilimia fulani kwa kazi hiyo na si dhambi. Ukaguzi wa hesabu una gharama. Mkataba uwe wa maandishi, useme nani anamiliki michoro na nani anaandika ripoti. Wakati huohuo andikeni katiba yenu na fungueni akaunti yenye watia sahihi wawili.

Sasa vijana wawili. Hapa lazima niseme jambo ambalo halitawafurahisha: fedha nyingi za mafunzo ya zimamoto duniani hazimfikii mtu moja kwa moja. Hupitia kikosi chake. Ruzuku kubwa ya shirikisho la Marekani kwa wazimamoto, ile ya AFG, hupewa idara za zimamoto, huduma za dharura na vyuo vya zimamoto vya majimbo, na idara hutakiwa kuchangia asilimia 5, 10 au 15 kulingana na idadi ya watu inaowahudumia. Kozi za Japani kupitia JICA, shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, na zile za Mpango wa Ushirikiano wa Singapore huchukua watu waliopendekezwa na serikali za nchi zao. Mwenye barua ya kikosi anasikilizwa. Asiye nayo, hata awe hodari namna gani, fomu yake haina pa kuingilia. Kwa hiyo hatua yao ya kwanza ni kwa mkuu wa kikosi wanachojitolea, waombe kuandikishwa rasmi katika orodha ya wa kujitolea, na saa zao ziwekwe kwenye daftari. Miezi sita ya saa zilizothibitishwa ina uzito kuliko insha ndefu kuhusu ndoto ya utotoni.

Wanapotafuta chuo, waulize cheti chake kinatambuliwa na nani. Kwa muda mrefu kipimo kilichofuatwa na vyuo vingi kilikuwa NFPA 1001, cha shirika la Marekani la kuzuia moto (NFPA), kwa mzimamoto wa daraja la kwanza na la pili. Tangu 2024 kimeunganishwa ndani ya NFPA 1010. Vyeti vyenye ithibati ya IFSAC au Pro Board, mifumo miwili inayothibitisha vyeti vya wazimamoto, huhamishika kwa urahisi zaidi kutoka nchi hadi nchi. Chuo kisichoweza kujibu swali hilo kwa sentensi moja, wakiache.

Na maombi yao ya ufadhili yasiwe na ada tu. Ada mara nyingi si mzigo mkubwa kuliko yote. Kuna uchunguzi wa afya, bima, malazi, mavazi ya kujikinga, na mafunzo ya moto halisi, ambayo ni ghali kwa sababu yanahitaji wakufunzi wengi: kipimo cha NFPA kimekuwa mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wasiozidi watano. Mfadhili akiona ada peke yake atauliza mwanafunzi atalala wapi.

Mwili nao uandaliwe mapema. Jaribio la CPAT, la kupima nguvu za mwili za anayetaka uzimamoto, linalotumika Amerika Kaskazini, lina vituo vinane vya kukamilishwa ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umevaa kizibao cha kilo 22 na ushei, na kwenye kupanda ngazi unaongezewa kilo 11 hivi. Hata kama chuo chao kina jaribio lingine, wakifanya mazoezi kwa kipimo hicho hawatashangazwa. Nimeona kijana amepata ufadhili kamili akaanguka siku ya ngazi, na nafasi ikapewa aliyekuwa wa pili.

Atakayewadai “ada ya kushughulikia maombi” kwa njia ya simu, kateni simu.

Mwisho makoti. Yapokeeni, ila kabla ya yote fungueni kola au upande wa ndani mtafute lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Kipimo cha NFPA kimekuwa kikitaka mavazi ya kuzima moto ndani ya majengo yastaafishwe kabla ya kupita miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kwa macho yanaonekana mapya, kwa kuwa kitambaa na bitana vyake huchoka bila kuonyesha. Yenye umri mzuri yapelekeni kikosini yakaguliwe. Si kazi yenu kuamua. Yaliyozeeka yafuliwe vizuri na watu wenye vifaa, maana masizi ya moto yana sumu, kisha yawe mavazi ya maigizo. Mgongoni yapigeni chapa kubwa ya rangi isiyofutika: LA JUKWAANI. Vijana wenu wawili wana moyo wa kukimbilia moto, na siku ikitokea dharura karibu na mahali pa mazoezi sitaki mmoja wao alichukue lililo karibu na mkono.