Re: Mwenzangu akiangalia mara moja ameshika, mimi hadi nirudie. Ubongo wangu mdogo?

Mkuu, umeuliza kama kichwa chako kina nafasi ndogo kuliko cha mwenzako mnayejifunza naye ufundi simu, na kama ulipie ile programu ya michezo ya kunoa ubongo.

Nafasi ya kushika vitu kichwani kwa muda mfupi ni finyu kwa kila mtu. Mwaka 1997 watafiti Steven Luck na Edward Vogel waliwaonyesha watu viboksi vya rangi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, wakavificha kidogo, kisha wakauliza kama kuna rangi iliyobadilika. Vikiwa vitatu au vinne, watu walipatia. Vikizidi hapo, makosa yakaongezeka. Huo ni wastani. Wapo wanaoshika pungufu na wapo wanaoshika zaidi.

Lililonifungua macho ni utafiti wa Vogel na wenzake wa 2005. Watu waliambiwa washike vipau vyekundu na wavipuuze vya bluu, huku umeme wa ubongo ukipimwa. Kwa wenye uwezo mkubwa wa kushika vitu kichwani, vyekundu viwili vilivyochanganywa na vya bluu viwili vilisomeka kama viwili tu. Kwa wenye uwezo mdogo vilisomeka kama vinne. Yaani hata vya bluu walivibeba!

Mimi nina meza ya ufundi Kariakoo, na vijana ninaowafundisha nawaona hivyohivyo. Kuna mmoja akifungua simu anakuambia kava la mteja lilikuwa la rangi gani, kioo kimepasuka kona ipi, na jirani alikuwa anabishana nini kuhusu Simba na Yanga. Halafu anauliza skrubu fupi ilitoka wapi. Mwingine kava hata hakuliona, ila skrubu zote anazirudisha bila kuuliza. Kusema wa kwanza hana kumbukumbu ni kumwonea. Amejaza mizigo isiyo yake.

Na usidhani huyo wa pili hashtuki simu ikilia. Fukuda na Vogel walionyesha mwaka 2011 kwamba kuvutwa wanavutwa wote, ila wenye uwezo mkubwa wanarudi kwenye kazi haraka zaidi.

Kwa hiyo usishindane na mwenzako kukariri. Chora umbo la simu kwenye karatasi, kila skrubu ibandike kwa selotepu pale ilipotoka, maana ndefu ukiifunga kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Ondoa mezani kila kisichohusika na simu hiyo. Mteja akikusemesha ukiwa na skrubu mkononi, iweke kwanza ndipo umjibu.

Kuhusu programu, tathmini ya Melby-Lervåg na Hulme ya 2013 ilipitia tafiti nyingi za mazoezi ya aina hiyo: watu wanakuwa hodari kwenye michezo yenyewe, lakini faida kwa mambo mengine haikuthibitika. Hiyo hela nunua mkeka wa sumaku wa kuwekea skrubu.