Digoksini ya farmasi, nimununulie yaya wangu?

SWALI: Mama Muganga, jambo. Yaya wangu walimukata titi mwaka jana, sasa anakunywa tamoksifeni kila siku. Shemeji katuma odio kwa grupu ya familia, eti wazungu wameona digoksini, ile dawa ya moyo, inazuia kansere isisambae. Nimeuliza farmasi moja karibu na soko, iko, na bei si mbaya. Nimununulie? Anakunywa pia dawa ya tansio, ile ya kukojolesha.
Mdogo mtu, Kadutu, Bukavu

JIBU: Usinunue, mdogo wangu, na kama umeshanunua usimpe.

Shemeji hakudanganya, ila hadithi kaikata katikati. Seli ya kansere ikitoka kwenye titi ikaingia damu peke yake, mara nyingi inafia njiani. Zinazofika mbali, kwa mifupa, maini, mapafu ao ubongo, ni hasa zile zinasafiri zimeshikana, kama watu wanavuka Ruzizi mikono kwa mikono, mmoja akiteleza wengine wanamvuta. Sasa watafiti wa Uswisi wakajiuliza, tukiwaachanisha mikono je? Digoksini inafunga pampu ya sodiamu ya seli, kalsiamu inajaa ndani na seli zinaanza kuachana. Mwaka 2025 wakatoa matokeo, wagonjwa 9, tena wale kansere yao ilikuwa imeshasambaa, wakaimeza wiki moja tu, yale mafungu ya seli kwenye damu yakapungua ukubwa. Yakapungua, hayakuisha, na hakuna aliyeonyesha kwamba mtu anaishi zaidi kwa sababu hiyo. Mimi naona ni kazi nzuri sana, lakini bado ni ya watafiti, si ya kaunta ya farmasi.

Na kinachonitisha ni ile dawa ya kukojolesha. Nyingi zinatoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka digoksini inageuka sumu hata kwa dozi ya kawaida: chakula kinamshinda, anatapika, anaona vitu vya manjano, halafu moyo unapiga ovyo.

Tamoksifeni yake ndiyo imeshathibitika kuzuia kansere isirudi, kwa wale ambao kansere yao inakula homoni, na inamezwa miaka 5 ao zaidi, asiruke hata akijisikia mzima. Kama ameshaacha kupata siku zake, muulize muganga wake juu ya serumu ya kukaza mifupa, asidi zoledroniki, hiyo imeonekana kupunguza kansere kurudi mifupani. Mwende na ile karatasi ya labo ya nyama waliyokata, na vidonge vyote anavyokunywa kwenye mfuko mmoja, vya tansio pia. Shemeji naye atume odio ya pili.