Sanamu zenye viungo: mkato ukae wapi?

Kila kiungo kwenye sanamu ndogo ya mhusika, ile unayoweza kuikunja na kuipanga kabatini, ni mkato mwilini. Kikiongezwa kimoja, sanamu inapata mkao mpya na hapohapo inapoteza sehemu ya umbo ambalo mchongaji alilichonga likiwa zima. Watengenezaji hupenda kutangaza idadi: viungo 20, viungo 30 na kuendelea. Idadi hiyo haikusaidii mpaka ujue mikato iko wapi, imefichwa na nini, na kila mmoja unakupa mkao gani ambao usingeupata bila huo. Anayenunua kwa kuhesabu viungo huishia na sanamu inayoweza kupiga magoti vizuri sana, kifua kimekatwa vipande vitatu, na yenyewe inasimama wima kabatini mwaka mzima.

Mvutano huu ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro walipotoa sanamu ya askari, G.I. Joe, ya takriban sentimita 30, viungo vilikuwa vingi na vilionekana waziwazi, lakini sanamu ilivaa nguo za kitambaa, kwa hiyo havikusumbua. Mwaka 1978 kampuni ya Kenner wakatoa sanamu za filamu ya Star Wars za takriban sentimita 10, nguo zikiwa zimechongwa kwenye plastiki yenyewe, na viungo vikabaki vitano: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Zilikuwa nadhifu, ila goti halikunjiki. Mpaka leo unachagua kati ya njia hizo mbili: kufunika mikato kwa kitambaa, au kuipunguza na kuichonga ndani ya umbo.

Kwa hiyo anza na kipimo. Sanamu ya 1/6 (sehemu moja ya sita ya ukubwa wa mtu), yenye urefu wa sentimita 30 hivi, huvaa nguo halisi. Mwili wa ndani unaweza kuwa na viungo vingi mno bila kuharibu sura, lakini hapo kinachozuia mikao ni nguo. Mshono wa unene wa milimita 1 kwenye sanamu hiyo ni sawa na milimita 6 kwa mtu mzima. Hebu jaribu kuinua mkono ukiwa na koti la namna hiyo. Kiwiko kinachokunjika kabisa kikiwa uchi kinaweza kugoma nusu ya njia ndani ya mkono wa koti wenye bitana. Sanamu ya 1/12, ya sentimita 15 hivi, mara nyingi nguo zake ni plastiki, na kila mkato uko machoni pako. Hapo ndipo kazi ya mchongaji hodari inapoonekana: mkato wa paja unafuata mshono wa suruali, wa kiuno unajificha chini ya mkanda, wa kifundo cha mkono unaishia kwenye ukingo wa glavu.

Viungo havilingani thamani. Kama ningeruhusiwa kudai viwili tu vifanyiwe kazi vizuri, ningedai shingo na vifundo vya miguu. Shingo nzuri ina tufe mbili, moja chini ya fuvu na nyingine kwenye shina la shingo. Ya juu peke yake inageuza kichwa. Ya chini inaipeleka shingo yote mbele au kando, na hapo ndipo mtu anaonekana anasikiliza, ana shaka, au amechoka. Mkato wa chini hufichwa na ukosi. Adui mkubwa wa shingo ni nywele ndefu: hata zikitengenezwa kwa plastiki laini ya PVC huegemea mgongo na kukizuia kichwa kisitazame juu. Ukiona picha za tangazo zote zimemwinamisha mhusika mwenye nywele ndefu, chukulia kwamba hawezi kuinua uso.

Kifundo cha mguu kinatakiwa kifanye mambo mawili: kuinamisha unyayo mbele na nyuma, na kuulaza pembeni. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Sanamu ikitanua miguu bila kiungo cha kulaza unyayo, inasimama kwa kingo za ndani za viatu. Inateleza, inaanguka, na hata ikisimama jicho linajua kuna kasoro. Kiungo hiki hakiigharimu sura chochote kwa sababu kimezama ndani ya kiatu. Sanamu inayokosa hiki lakini ina viwiko vya bawaba mbili (vinavyokunjika mahali pawili) imepanga vipaumbele vyake vibaya.

Viwiko na magoti yanahitaji uangalifu zaidi. Bawaba moja pamoja na mzunguko wa mkono wa juu hukunja kiwiko takriban nyuzi 90. Bawaba mbili huufikisha mkono begani, lakini kipande kilicho katikati hujitokeza kama pingili ya ziada kila mkono unapokunjwa. Kwenye mkono wenye shati la plastiki au vazi la chuma la vita la kuchongwa, kipande hicho hakisumbui. Kwenye mkono mtupu wenye misuli kinakera, na hapo napendelea bawaba moja. Kwa goti hesabu ni nyingine: asiyekunja goti zaidi ya nyuzi 90 hawezi kuchuchumaa, na suruali hulificha, kwa hiyo bawaba mbili zinastahili.

Kiungo cha bega kinachosukuma bega lote mbele hukata kifua kwa mshazari. Anayeshika upinde au silaha ya mikono miwili anakihitaji, kwani bila hicho mikono haikutani mbele ya kifua. Mhusika wa suti ya ofisini hakihitaji. Kiungo cha tumbo nacho ni hivyohivyo: kikiwekwa chini ya kifua, ndani ya fulana, kinapotea, kikikata misuli ya tumbo lililo wazi, hakuna rangi itakayokificha.

Rangi ndiyo inayofichua mikato mingi kuliko umbo lenyewe. Sehemu za mwili mmoja hutengenezwa kwa plastiki tofauti: kifua na mikono kwa PVC, viungo vinavyosuguana kwa ABS au plastiki nyingine ngumu zaidi. Rangi ya ngozi ileile ikichanganywa ndani ya plastiki mbili tofauti haitoki sawa, na goti linaonekana limetoka kwa mtu mwingine. Mbaya zaidi ni rangi iliyopakwa juu ya kiungo. Inaongeza unene, inakwanguka kwa mikunjo ya mwanzo, na ikiwa ni nyeusi juu ya plastiki nyeupe unabaki na mstari mweupe wa kudumu. Kabla ya kununua, tafuta picha za goti na kiwiko vikiwa vimekunjwa, si vimenyooka.

Ipo njia ya tatu: miili ya silikoni isiyo na mishono, yenye mifupa ya chuma ndani, kama ya kampuni ya TBLeague. Kwa mhusika anayeonyesha mabega, mgongo au mapaja, hakuna plastiki inayoifikia. Ila ni mali ya kutunzwa. Ngozi huchanika upande wa nyuma wa goti, kwapani na kinenani, hasa ikiachwa imekunjwa sana kwa miezi. Nguo nyeusi na nyekundu huchujia rangi kwenye silikoni na doa ni gumu kutoka. Ivalishe sanamu nguo nyembamba nyeupe chini yake, au fua vazi kwanza mpaka maji yatoke meupe. Poda kidogo ya watoto hufanya nguo ziteleze wakati wa kuvalisha. Usipake mafuta ya silikoni hapo, kwa sababu huivimbisha ngozi yenyewe.

Ukishaifungua sanamu mpya, usikunje kitu kwanza. Jaribu kila kiungo taratibu. Kilichogoma mara nyingi kimegandishwa na rangi, na ukilazimisha, pini inajisokota ndani na kukatika. Kipashe moto: maji ya nyuzi joto 60 hadi 70 kwa dakika moja, au draya ya nywele kwa umbali wa sentimita 15 kwa nusu dakika huku ukiisogezasogeza. Maji yasitumike kwenye nguo za kitambaa wala penye skrubu au springi za chuma. Kisha shika pande zote mbili karibu kabisa na kiungo, vidole visiache nafasi, na ukikunje kwa mwelekeo wa bawaba pekee. Plastiki ikianza kufifia kuwa nyeupe karibu na pini, acha mara moja na upashe tena. Weupe huo ni dalili kwamba inavutika kupita uwezo wake. Kikishafunguka, tone dogo la mafuta ya silikoni kwenye ncha ya kijiti linatosha kwa viungo vya plastiki. Mafuta ya mashine ya aina ya petroli yaepuke, kwani baadhi ya plastiki hupasuka yakizigusa.

Kifundo cha mkono ndicho huvunjika kuliko vyote, kwa kuwa pini yake ni nyembamba na watu hubadilisha viganja kila siku. Pasha tundu la kiganja kipya, si pini, kisha sukuma moja kwa moja bila kuzungusha.

Viungo vilivyolegea vinarekebishika. Kwa tufe inayochomoka, zungushia utepe mweupe wa mafundi bomba tabaka moja, jaribu, ongeza la pili ukihitaji. Kwa bawaba iliyolegea ambayo haichomoki, dondosha vanishi ya akriliki ya maji kwenye mwanya, ikunje na kuikunjua mara kadhaa ili isigande, kisha iache saa 24. Gundi ya papo hapo hufanya kazi hiyo pia, lakini ikikuwahi kukauka umekipoteza kiungo. Viungo vya meno, vile vinavyotoa mlio wa tik-tik, havisaidiwi na lolote kati ya haya; meno yakiisha, sehemu hiyo hubadilishwa.

Sasa mkao. Uhalisia mwingi hupatikana kwa mikunjo midogo, si mikubwa. Weka uzito kwenye mguu mmoja: nyonga ya upande huo ipande kidogo, bega la upande huohuo lishuke, goti la pili lilegee nyuzi 10 au 15. Geuza kifua kidogo upande mmoja na kichwa upande mwingine. Usiache kiwiko chochote kimenyooka kabisa, na viganja viwe vilivyolegea isipokuwa vinashika kitu. Mikao ya namna hii haifungui mikato sana, kwa hiyo hata sanamu yenye viungo vya wastani hupendeza. Kwa nguo za kitambaa, lowesha pindo na mikunjo kwa maji kidogo, zibane kwa uzi mpaka zikauke. Joho linalotakiwa kupeperuka hupitishiwa waya wa alumini wa milimita 0.5 ndani ya pindo.

Mikao ya kuruka na kupiga mateke ifanye kwa siku ya picha, kisha irudishe sanamu kwenye mkao wa kawaida. PVC chini ya uzito wa kudumu hupinda polepole, hasa chumba kikiwa na joto, na ndiyo maana sanamu za sentimita 30 huanza kuinama kuanzia vifundo vya miguu. Zipe stendi ya kushika kiuno. Ngozi bandia ya polyurethane nayo humenyuka kwanza pale ilipokunjwa, unyevu ukisaidia, kwa hiyo koti la aina hiyo likae na mikono iliyonyooka.

Wakati wa kupiga picha, mwanga wa pembeni unachonga uso vizuri lakini unapita juu ya kila mkato na kuutilia kivuli. Tandaza karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, shusha kamera mpaka usawa wa kifua cha sanamu, na mkono uliokunjwa ugeuze ili upande wa ndani wa kiwiko uelekee lenzi. Kile kipande cha katikati kinabaki nyuma ya mkono, kisikoonekana.