Maswali yenu kuhusu matofali: kuni, udongo na mashimo

Tanuri langu la matofali 5,000 linakula kuni kupita kiasi, na bado ya pembeni yanatoka mabichi. Tatizo nini?

Anza na ukavu wa matofali. Tofali la kilo 3 lenye unyevu wa asilimia 10 limebeba gramu 300 za maji. Kwa matofali 5,000 hizo ni lita 1,500. Kuzigeuza mvuke kunahitaji zaidi ya kilo 200 za kuni kavu hata kama joto lisingepotea kabisa, na tanuri la kienyeji hupoteza joto jingi mno. Vunja tofali moja: ukiona katikati ni peusi kuliko nje, halijakauka, usilipange. Kuni nazo zipasue, zikae chini ya paa miezi kadhaa.

Ya pembeni hubaki mabichi kwa sababu ya upepo. Kandika tope pande zote, na kila ufa unaotoa moshi uzibe hapo hapo. Moto wa mwanzo uwe mdogo, wa kufukuza unyevu tu. Ukiukoleza mapema, mvuke unapasua tofali. Kama kuna mashine ya kukoboa mpunga jirani, changanya ndoo 1 ya pumba kwa ndoo 10 za udongo wakati wa kukanda. Pumba huungua ndani ya tofali lenyewe na kuni zinapungua. Usizidishe, maana kila punje inayoungua huacha tundu.

Nataka kuhamia matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji, yasiyochomwa. Udongo wowote unafaa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopoteza saruji. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi, kwa sababu mboji huzuia saruji kushika. Jaza theluthi ya chupa angavu udongo wa chini, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa 24, kisha pima matabaka kwa rula. Mchanga uwe kati ya asilimia 50 na 70. Mfinyanzi ukizidi 30, ongeza mchanga, la sivyo tofali litanywea na kupasuka.

Kwa kipimo cha saruji 1 kwa udongo 10, mfuko wa saruji wa kilo 50 unachukua ndoo 17 za udongo za lita 20. Changanya kiasi utakachofyatua ndani ya saa moja.

Matofali yangu ya kufungamana yanapata nyufa siku ya pili.

Yanakauka haraka. Yafunike kwa nailoni kivulini, nyunyizia asubuhi na jioni kwa siku 7. Nailoni huokoa maji mengi kuliko kumwagilia mara nne juani. Usiyajengee kabla ya siku 14.

Mashimo tunayochimba tuyafanyeje?

Ule udongo wa juu ulioutenga urudishe, baada ya kulaza kingo ziwe mteremko, upande nyasi au miti. Na usichimbe ukingoni mwa mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60.